Barua ya wazi kuhusu Fort Smith, ngome ya Kampuni huko Kabete

Kwa wakuu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wizara inayosimamia urithi wa taifa, na serikali za kaunti za Nairobi na Kiambu

KUH: KUPOKEA WAGENI FORT SMITH

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kuhusu Fort Smith, ngome ambayo Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliijenga Kabete mwaka 1891. Tunaomba mahali hapo pafunguliwe rasmi kwa wageni, na hasa kwa wanafunzi wa Nairobi na Kiambu. Tunaomba vilevile pasifunguliwe kwa pupa. Ngome ya udongo na miti huweza kulimwa juu yake kwa miaka mia moja na bado ikahifadhi mengi chini, lakini trekta moja linalosawazisha uwanja wa kuegesha magari laweza kuyamaliza yote kwa siku moja.

Sisi ni waongoza wageni, walimu wa historia na watu wa akiolojia. Jambo letu kubwa ni moja: mgeni aifikie ngome hii kutoka upande wa mashamba, nje ya handaki lililoizunguka, na asianzie ndani walikokaa wenye bunduki. Mengine yote tunayoeleza yanatokana na hilo.

Sababu ya ngome kuwekwa Kabete ilikuwa chakula. Kampuni ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888 na macho yake yalikuwa Uganda. Njia ya misafara kutoka Mombasa ilipita Ukambani, ikapanda Ugikuyu, kisha ikateremka Bonde la Ufa, na baada ya hapo chakula kilikuwa adimu kwa siku nyingi za safari. Mpagazi alibeba mzigo wa ratili 65 hivi, karibu kilo 30, na posho yake ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani kama gramu 700. Msafara wa watu 500 ulikula kilo 350 kila siku. Ukihesabu siku 20 za njia, hizo ni tani 7 za chakula, nazo zilipaswa kutoka kwenye mashamba ya Kabete na Dagoretti, yaliyolimwa zaidi na wanawake. Palipokuwa na amerikani (kitambaa cha pamba), shanga na waya za kulipia, biashara ilikwenda vizuri. Malipo yalipokosekana, au kiongozi wa msafara alipoona kwamba bunduki ni njia ya mkato, watu waliingia mashambani wakajichukulia. Ugomvi mwingi wa ngome hii ulianzia hapo.

Tunapendekeza hesabu hiyo iwe bango la kwanza analokutana nalo mgeni, likiwa limesimama nje ya handaki. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuipiga mwenyewe, na akishaipiga ataelewa kilichofuata bila kuhubiriwa.

Kilichofuata kinajulikana vizuri. Oktoba 1890 Frederick Lugard, ofisa wa Kampuni, alifika Dagoretti, akala kiapo cha undugu wa damu na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wagikuyu wa huko, akajenga boma na kumwachia George Wilson na watu wachache. Uhusiano ukaharibika kwa wizi wa chakula na kuwasumbua wenyeji, na mwaka 1891 boma la Dagoretti likaachwa na kuchomwa. Mwaka huohuo Meja Eric Smith akajenga ngome mpya Kabete, karibu na kwa Waiyaki. Agosti 1892 Waiyaki aliingia ngomeni, wakagombana na William Purkiss aliyekuwa msimamizi, akajeruhiwa kichwani, akatiwa minyororo na kupelekwa njia ya pwani. Alifia Kibwezi Septemba 1892. Maandishi ya Wazungu wa wakati huo yanasema alikufa kwa majeraha. Masimulizi ya Wagikuyu yanasema alizikwa akiwa hai. Bango la ngomeni liseme yote mawili, kila moja kwa jina la waliolisema. Kuchagua moja na kuficha jingine kungekuwa kumfanyia mgeni hila.

Mwanzoni mwa 1893 alipita Gerald Portal, mjumbe wa serikali ya Uingereza, akaikuta ngome ikiishi kama iliyozingirwa. Aliandika kwamba Kampuni, kwa kukataa kulipia vitu, kwa kuvamia, kupora na kuwapiga wenyeji risasi, ilikuwa imeigeuza nchi nzima kuwa adui wa mzungu. Ushahidi wa uzito huo, kutoka kwa Mwingereza mwenye cheo, hauna sababu ya kubaki kwenye vitabu vya maktaba tu. Uwekwe penye lango.

Wasisahauliwe wapagazi. Wengi walitoka Mombasa, Zanzibar na mwambao. Ndio walioleta Kiswahili kwenye soko la ngome, ndio waliotumwa mashambani, na ndio waliokufa kwa wingi. Novemba 1895 msafara wa Wagikuyu na Waswahili uliotumwa kutoka huku hadi Eldama Ravine ulishambuliwa na Wamaasai katika bonde la Kedong ulipokuwa ukirudi, baada ya watu wa msafara wenyewe kuwachokoza. Waliuawa mamia. Mtu kama Francis Hall, aliyekuwa ofisa wa Fort Smith, alipewa mji mzima kwa jina lake, Fort Hall, ambao leo ni Murang'a. Wapagazi wale hawakupewa hata jiwe. Pia asemwe Kinyanjui wa Gathirimu, aliyeanza kwa kuongoza misafara, akainuka kwa msaada wa Kampuni, akawa chifu mkuu mpaka alipofariki mwaka 1929. Asitukanwe na asisafishwe. Wagikuyu hawakuwa na mfalme mmoja. Kampuni ilitaka mtu mmoja wa kumwamuru, ikamtengeneza, na matokeo ya jambo hilo yaliendelea muda mrefu baada ya ngome kupoteza kazi yake, reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 na utawala ukahamia huko.

Wako watakaosema hapana cha kutazama Kabete kwa kuwa hapana kuta za mawe kama za Fort Jesus. Tunawaomba wafikirie Fort Sumner, katika jimbo la New Mexico huko Marekani. Kuanzia 1864 jeshi la Marekani lilishikilia huko Wanavajo zaidi ya 8,000 pamoja na Waapache wa Mescalero, wote wenyeji wa asili wa nchi hiyo, baada ya kuwatembeza Wanavajo kwa miguu mamia ya kilomita. Maji yalikuwa ya chumvi, mahindi yaliliwa na viwavi, kuni zikaisha. Mkataba wa 1868 ndio uliowaruhusu Wanavajo kurudi kwao. Ngome ilijengwa kwa matofali mabichi, na imetoweka karibu yote. Mwaka 1990 vijana wa Kinavajo walipatembelea, wakaacha barua wakisema kwamba maonyesho hayakueleza ukweli wa yaliyowapata mababu zao. Mwaka 2005 likafunguliwa jengo la kumbukumbu lililochorwa na msanifu Mnavajo, David Sloan. Kazi iliyofanyika huko ingekuwa rahisi zaidi kama wenye mababu wangeulizwa kabla ya mabango ya kwanza kuandikwa. Kwetu bado kuna nafasi ya kuuliza kwanza: ukoo wa Waiyaki, ukoo wa Kinyanjui, wazee wa Kabete na Dagoretti, na vyama vya historia vya mwambao kwa upande wa wapagazi.

Sasa ardhi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaweka maeneo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa mikononi mwa serikali kuu, huku makumbusho yakitajwa miongoni mwa kazi za kaunti. Mahali palipo pembeni mwa Nairobi na Kiambu hukosa mwenyewe kwa urahisi sana katika mgawanyo huo. Tunaomba mkataba wa maandishi unaosema wazi nani atakata nyasi, nani atalipa mlinzi, nani ataondoa taka na kumwaga choo. Vitu hivyo vinne ndivyo huua maeneo ya kale mapema kuliko uhaba wa fedha za maonyesho.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, mbali na vitabu na hati, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Ushanga, kipande cha chupa na ganda la risasi la Fort Smith la 1891 au 1892 vinaingia humo moja kwa moja. Wenye mashamba na mafundi wa ujenzi wa Kabete wanapaswa kuambiwa hivyo kwa lugha wanayoielewa, kwa sababu mtu hawezi kuripoti kitu ambacho hajui kuwa kina maana. Ile ardhi yenyewe hulindwa kwa tangazo la waziri katika Gazeti Rasmi, na wenye hati wakipewa nafasi ya kuleta pingamizi. Kosa la kawaida ni kutangaza kiini tu, mahali nyumba zilipokuwa, na kuacha pembeni. Ardhi ya Kabete inakatwa viwanja vya futi 50 kwa 100, na kiwanja kimoja kikiuzwa juu ya handaki, msingi wa ghorofa utashuka kupita kina cha kila kitu tunachokitafuta. Mpaka uingize handaki lote, njia ya kuingilia, mahali pa soko, njia ya kwenda majini na makaburi yatakayotambuliwa. Ambapo mwenye ardhi hataki kuuza, makubaliano ya kutochimba yanayoandikwa kwenye hati yanatosha. Si lazima serikali inunue kila futi.

Kabla ya kuweka hata nguzo moja, papimwe. Mpima ardhi afufue bikoni (alama za mipaka) za zamani, zichorwe ramani za sasa na za kale kwa kipimo kimoja. Kisha ufuate upimaji usiochimba. Kwa udongo mwekundu wa Kabete tungeanza na kipimo cha ukinzani wa umeme ardhini: handaki lililofukiwa hushika unyevu kuliko udongo usioguswa, kwa hiyo umeme hupita humo kwa urahisi zaidi. Kifanywe wiki chache baada ya mvua kuisha. Kikifanywa katikati ya masika, ardhi yote imelowa na tofauti hupotea. Mwishoni mwa kiangazi yote imekauka na tofauti hupotea vilevile. Kipimo cha sumaku kinasaidia kuonyesha palipoungua, lakini udongo huu una madini mengi ya chuma, na ua wa mabati au senyenge ulio karibu huvuruga matokeo kabisa.

Ndipo yachimbwe mashimo ya majaribio, ya mita moja kwa moja, kwa tabaka za sentimita 10, yakifuata yale yaliyoonekana kwenye vipimo. Nguzo ya mti ikiliwa na mchwa huacha doa la duara lenye udongo mlaini na mweusi kuliko ulioizunguka, na mstari wa madoa hayo ndio ukuta wa boma. Mtu mwenye haraka hulikata doa kwa jembe na halioni tena. Udongo uchekechwe, na hapa tunasisitiza: chekeche la matundu ya milimita 5, ambalo wengi hulitumia, hupitisha shanga nyingi za biashara, kwa kuwa nyingi zina upana wa milimita 2 hadi 4. Walau robo ya udongo wa kila tabaka ipite kwenye matundu ya milimita 2, kwa maji. Ukipoteza shanga umepoteza malipo, na malipo ndiyo kiini cha habari yote. Sehemu kubwa ya eneo iachwe bila kuguswa, kwa ajili ya watakaokuja na zana bora. Mashimo yakifungwa, chini kutandikwe kitambaa cha kuchuja maji na mchanga safi kabla ya kurudisha udongo, ili mchimbaji wa baadaye ajue mara moja tulipoishia.

Handaki lisiachwe wazi kwa ajili ya kupigwa picha. Ukingo wa udongo mwekundu ukikatwa wima husimama vizuri msimu mmoja na kumdanganya mhandisi. Maji yakituama chini, kitako hulainika, na ukingo huanza kubomoka kwa mabamba. Wakiusaidia kwa saruji, maji hukwama nyuma ya saruji na kuisukuma. Njia nzuri ni kuonyesha umbo la ngome juu ya ardhi: mstari wa mawe ya Nairobi yaliyolazwa usawa wa ardhi pale ukuta ulipopita, na nyasi zinazokatwa kwa urefu tofauti pale handaki lilipo. Nyasi ya Kikuyu inafaa. Mikaratusi iliyo ndani ya eneo ikatwe usawa wa ardhi na visiki viachwe vioze. Kung'oa kisiki ni kung'oa akiolojia. Mtu asipande mugumo, mti mtakatifu wa Wagikuyu, juu ya tuta kwa nia njema ya heshima, maana mizizi yake itapasua kila kitu. Kama wazee watataka mti, upandwe nje, upande wa mashamba.

Na tusijengewe boma la kuigiza, lenye nguzo mpya, mnara na bendera. Tunajua wazo hilo hupendwa kwenye mikutano kwa sababu linaonekana kwenye picha. Mchwa watalimaliza katika miaka michache. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba mgeni atapanda mnarani na kutazama mashamba kwa jicho la mlinzi wa Kampuni, na atarudi nyumbani na picha hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, watoto wasivalishwe kama askari, na mtu yeyote asiigize kufungwa minyororo.

Mabango yasizidi saba au manane. Yawe kwa Kiswahili, Kigikuyu na Kiingereza, maneno yasiyozidi 120 kwa kila lugha, herufi zinazosomeka kutoka mita mbili. Yasiwe ya chuma, shaba wala alumini, kwa kuwa yataishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Vigae vya kauri vilivyochomwa na maandishi, vikizamishwa kwenye jiwe lililoinama, havififii kwa jua na havina bei kwa mwizi. Kimo cha sentimita 80 kinamfaa mtoto na mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu.

Njia iwe ya maramu iliyoshindiliwa, upana mita 1.5, mgongo wa katikati ukiwa juu kidogo na mifereji pande zote mbili, na mwinuko usiozidi sentimita 1 kwa kila 12. Bila mifereji, udongo huu huteleza kama sabuni kuanzia Machi hadi Mei. Mabasi ya shule yashushe watoto barabarani na kwenda kuegeshwa mbali. Kikundi kisizidi watu 25 kwa mwongozaji mmoja. Vyoo, maji na kivuli viwe nje ya mpaka wa akiolojia, kwenye udongo uliokwisha kuchunguzwa. Malipo ya kuingia kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, ni sawa, lakini mkazi wa Kabete asitozwe kuingia mahali alipozaliwa babu yake.

Fort Smith haitoshi peke yake. Mgeni anayetaka kuelewa anahitaji Dagoretti, palipofanyika kiapo, na Kibwezi, alikofia Waiyaki. Kibwezi kuna kituo cha reli mpya, treni ya abiria inayosimama vituo vya njiani husimama pale, kwa hiyo shule ya Nairobi inaweza kwenda na kurudi bila kukodi basi la Mombasa Road. Tiketi moja, kijitabu kimoja cha mwanafunzi, na waongozaji waliofunzwa pamoja katika maeneo yote matatu. Makumbusho ya Kapenguria, walikofungwa Jomo Kenyatta na wenzake, yameonyesha tangu 1993 kwamba seli za gereza zinaweza kuwa makumbusho yanayosimulia kwa sauti ya waliofungwa. Wafunzeni waongozaji wa Fort Smith huko kwanza.

Tunaomba mikutano na koo na wazee ianze mara moja, kabla ya michoro yoyote, na upimaji ufanyike Januari, mvua za vuli zikiwa zimekwisha na ardhi ikiwa bado na unyevu wa chini. Mashimo ya majaribio yafuate Februari na yafungwe kabla ya masika. Nakala ya ripoti iwekwe kwenye maktaba ya umma ya Nairobi na ya Kikuyu kwa lugha zote tatu. Mkitutajia siku ya wapima ardhi wenu kuja, tutakuwepo na ramani tulizonazo.

Wenu,

Waongoza wageni, walimu wa historia na wanaakiolojia
Nairobi